Yesu wa Nazareti: Mtu aliyemwendea kila mmoja kwa mlango wake

Na Mwandishi Wetu

Leo katika maisha ya watu mashuhuri tunamwangalia mtu ambaye jina lake halihitaji utambulisho. Wakristo wanamwita Yesu Kristo, Mwana wa Mungu. Waislamu wanamheshimu kama Nabii Isa bin Maryam, amani iwe juu yake. Makala hii haikusudii kuingia katika mjadala baina ya pande hizo mbili, kwani wapo wenye elimu hiyo na wana mahali pao pa kuzungumza. Nitafuata habari zake kama zilivyosimuliwa katika Injili nne, yaani Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na nitauliza swali moja tu: mtu huyu alikuwa anakaa vipi na watu?

Nauliza hivyo kwa sababu ukizisoma Injili hizo taratibu utaona jambo la kushangaza. Watu wawili wanamwendea na shida inayofanana, lakini kila mmoja anaondoka na jibu lake. Huyu anaambiwa anyamaze, yule anaambiwa akatangaze. Huyu anaambiwa auze mali yake yote, yule anatoa nusu na inatosha. Je, alikuwa hana msimamo? Au alikuwa anaona kitu ambacho sisi wengine hatukioni?

MTOTO WA WAKIMBIZI

Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba Yesu alizaliwa kati ya mwaka 6 na mwaka 4 kabla ya hesabu ya miaka tunayoitumia. Sababu ni kwamba Mfalme Herode Mkuu, ambaye Injili ya Mathayo inasema alikuwa hai wakati huo, alifariki mwaka 4 K.K. Hesabu yenyewe ilipangwa baadaye sana, mwaka 525, na mtawa mmoja wa Roma aliyeitwa Dionisio, naye aliteleza kwa miaka michache.

Mathayo anasimulia kwamba mtoto alipozaliwa Bethlehemu, Herode aliingiwa na hofu ya kunyang'anywa kiti chake, akaamuru watoto wa kiume wauawe. Yusufu akamchukua mtoto na mama yake usiku, wakakimbilia Misri, wakakaa huko mpaka Herode alipokufa. Hata waliporudi hawakuthubutu kukaa Uyahudi kwa kumwogopa Arkelao, mwana wa Herode. Wakaenda kaskazini, Galilaya, katika kijiji kidogo cha Nazareti. Kwa hiyo maisha ya mtu huyu yalianza kwa kuvuka mpaka gizani. Sisi tunaosoma ukurasa huu tukiwa mbali na makwetu hatuhitaji kuelezwa zaidi maana ya safari ya namna hiyo.

Alikulia Nazareti kama mwana wa fundi, na mwenyewe akawa fundi. Watafsiri wengi wameandika seremala, lakini neno la Kigiriki lililotumika katika Injili lina maana pana zaidi, ni fundi wa mbao na wa kujenga. Kiswahili chetu kinalifahamu vizuri neno fundi. Na fundi wa kweli haanzi kazi kwa kushika nyundo. Anaanza kwa kuizunguka nyumba na kuangalia ufa umetokea wapi.

Luka anaandika kwamba Yohana Mbatizaji alianza kuhubiri katika mwaka wa 15 wa utawala wa Kaisari Tiberio, yaani kama mwaka 28 au 29. Yesu alibatizwa naye katika mto Yordani, akiwa na umri wa karibu miaka 30. Baadaye alihamia Kapernaumu, mji wa wavuvi ulioko kando ya ziwa la Galilaya. Mwaka 1986, maji ya ziwa hilo yalipopungua kwa ukame, ilionekana mashua ya mbao ya karne ile, yenye urefu wa zaidi ya mita 8. Ni katika mashua za namna hiyo ndimo alimovuka na wanafunzi wake.

ALIYEKUJA USIKU NA ALIYEKUJA MCHANA

Yohana ameweka habari mbili karibu karibu, nadhani kwa makusudi. Ya kwanza ni ya Nikodemo, Farisayo na mjumbe wa baraza kuu la Wayahudi. Huyu alikuwa mtu mwenye cheo na jina la kulinda, kwa hiyo alikuja usiku. Yesu hakumkebehi kwa kujificha kwake wala hakumwambia arudi mchana. Alimpokea na kuzungumza naye mambo mazito, ya kuzaliwa upya, mambo ya kumtikisa msomi aliyezoea kuwafundisha wengine. Nikodemo aliondoka bila kuahidi chochote, na Yesu akamwacha aende.

Ya pili ni ya mwanamke wa Samaria aliyekuja kisimani peke yake saa sita mchana, katika jua kali. Ikumbukwe kwamba Wayahudi na Wasamaria walikuwa na uhasama wa muda mrefu. Zaidi ya miaka 100 kabla ya hapo, mtawala wa Kiyahudi Yohana Hirkano alilibomoa hekalu la Wasamaria katika mlima Gerizimu. Kwa mwanamke huyu Yesu hakuanza na elimu. Alianza kwa kuomba maji. Yaani yeye ndiye aliyejifanya mhitaji, akampa mama yule nafasi ya kuwa mwenye kutoa.

Baadaye mazungumzo yaligusa waume watano aliokuwa nao na mwanamume aliyekuwa akiishi naye wakati ule. Wahubiri wengi wamemfanya mwanamke huyu kahaba, lakini Injili haisemi hivyo. Katika jamii ile talaka ilikuwa mkononi mwa mwanamume, na mwanamke aliyepitia ndoa tano huenda alikuwa amefiwa au ameachwa mara nyingi kuliko kuacha. Yesu alimtajia maisha yake bila kumhukumu, naye akauacha mtungi wake na kukimbilia mjini kuwaita watu.

Msomi alihitaji kuvurugwa kidogo katika uhakika wake. Mama huyu alihitaji mtu wa kuyajua yote yaliyompata na bado kuendelea kukaa naye.

CHETI CHA KUHANI

Mtu mwenye ukoma alimwendea akapiga magoti. Kwa sheria, mgonjwa huyo alipaswa kukaa mbali na watu na kupiga kelele ili wapitao wajihadhari. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyomponya mtumishi wa akida wa Kirumi bila hata kufika nyumbani kwake. Lakini huyu alimgusa. Fikiria ni miaka mingapi mtu huyo alikuwa hajaguswa na mkono wa binadamu.

Kisha akamwambia asimtangazie mtu, bali aende moja kwa moja akajionyeshe kwa kuhani na kutoa sadaka iliyoamriwa na Torati. Kwa nini? Kwa sababu kupona peke yake kusingemrudisha nyumbani. Kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumkagua mtu na kumtangaza kuwa ni safi, na bila hivyo angebaki nje ya kijiji na ngozi yake nzima. Kwa lugha yetu ya leo ya ughaibuni, alikuwa mzima lakini hana karatasi. Yesu alijua kwamba mtu anaweza kuwa na afya, nguvu na akili, na bado akasimama nje kwa kukosa mhuri wa ofisi.

Linganisha na mwanamke aliyekuwa akitokwa na damu kwa miaka 12. Huyu alipenya katika msongamano akagusa vazi lake kwa siri, akapona, akataka kutoweka. Hapo Yesu alisimama na kuuliza ni nani aliyemgusa, mpaka mama yule akajitokeza akitetemeka na kueleza kila kitu mbele ya watu. Kwa nini huyu asiachwe aende na siri yake? Kwa sababu kwa miaka yote hiyo alihesabiwa kuwa najisi, na kila mtu alijua. Angeponea kimya kimya, nani angeamini? Yesu alimwita binti yake mbele ya umati ule ule uliokuwa ukimkwepa.

Wakati huo huo Yairo, mkuu wa sinagogi, alikuwa amesimama pembeni akihesabu dakika, kwani binti yake wa miaka 12 alikuwa mahututi. Alikuwa mkubwa wa mji, lakini alisubirishwa kwa ajili ya mama asiye na jina, na habari ikaja kwamba mtoto amekwisha kufa. Walipofika nyumbani Yesu aliwatoa nje waombolezaji wote, akaingia na wazazi na wanafunzi watatu tu. Mtoto alipoinuka, aliagiza watu wasiambiwe, na akaagiza jambo jingine ambalo baba na mama katika mshituko ule wasingelikumbuka: mtoto apewe chakula.

ALIYETAKA KUFUATA AKAAMBIWA ARUDI

Wavuvi wa Kapernaumu waliambiwa waache nyavu na familia zao wamfuate. Lakini ng'ambo ya ziwa, katika nchi ya Dekapoli, alimkuta mtu aliyepagawa na pepo, akiishi makaburini, akijikatakata kwa mawe na kukata minyororo aliyofungwa. Alipotulia na akili zake kumrudia, mtu huyo alimsihi apande naye mashuani. Yesu alikataa. Alimwagiza arudi nyumbani kwa jamaa zake awaeleze yaliyomtokea.

Wenye nyumba waliitwa waondoke, aliyekuwa hana nyumba akapelekwa nyumbani. Ni wazi kwamba kumfuata Yesu kwa mtu huyu kungekuwa njia nyingine ya kuwakimbia watu wake.

Tena alikuwa na desturi ya kuuliza kwanza. Kipofu Bartimayo wa Yeriko alipoletwa mbele yake, kila mtu aliona anachohitaji, lakini Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 kando ya birika la Yerusalemu aliulizwa kama anataka kupona. Maskini na mgonjwa huzoea kuamuliwa na wengine. Kuulizwa ni kurudishiwa utu.

MAMA WA MIPAKANI MWA TIRO

Ipo habari moja ambayo huwapa wasomaji wengi taabu, na si haki kuiruka. Yesu alikwenda sehemu za Tiro, katika Lebanon ya leo. Mwanamke wa huko, asiye Myahudi, alimlilia amponye binti yake. Jibu alilopewa lilikuwa kali: chakula ni cha watoto kwanza, si vizuri kuwatupia mbwa. Mwanamke hakuondoka. Aliuchukua mfano ule ule akaugeuza, kwamba hata mbwa walioko chini ya meza hupata makombo ya watoto. Yesu akakubali hoja yake, na binti akapona.

Wafafanuzi hawajaafikiana. Wapo wanaosema alikuwa akiipima imani yake, wapo wanaosema alikuwa akiwafundisha wanafunzi waliotaka mama huyo afukuzwe. Mimi naona jambo moja. Huyu ni miongoni mwa wachache sana katika Injili walioshindana naye kwa maneno wakashinda, na aliyemshinda ni mwanamke mgeni, si mwanasheria wala Farisayo. Hakuondoka na huruma tu, aliondoka na heshima ya mtu aliyesikilizwa.

MALI YOTE AU NUSU?

Alipokuwa njiani kwenda Yerusalemu, tajiri mmoja alimkimbilia akauliza afanye nini aupate uzima wa milele. Amri zote alikuwa amezishika tangu ujana wake. Marko anasema Yesu alimtazama na kumpenda, kisha akamwambia auze vyote alivyo navyo awape maskini. Mtu yule aliondoka kwa huzuni.

Baadaye, Yeriko, mji wa mitende na zeri uliokuwa na mapato makubwa ya ushuru, alikuwako tajiri mwingine. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, akiwatumikia watawala wa kigeni na kujinenepesha kwa jasho la ndugu zake. Alikuwa mfupi, akapanda mkuyu ili aone. Yesu alisimama chini ya mti, akamwita kwa jina na kumwambia kwamba siku hiyo atakuwa mgeni wake. Hakumtaka auze chochote. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama na kusema atatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Yesu akaridhika.

Tofauti iko wapi? Yule wa kwanza alikuwa na kila kitu, na alitaka kuongeza uzima wa milele juu ya mali yake kama mtu anavyoongeza shamba. Kwake mali ndiyo iliyokuwa kifungo. Zakayo alikuwa na fedha lakini hana mtu wa kumtembelea. Watu walinung'unika kwamba Yesu ameingia kwa mwenye dhambi, na manung'uniko hayo yanaonyesha kwamba mlango wa nyumba ile ulikuwa haupitwi na watu wenye heshima zao. Waswahili tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na sijui nyumba ambayo methali hiyo ilitimia zaidi kuliko ya Zakayo.

DADA WAWILI NA NENO MOJA

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Katika kijiji cha Bethania, karibu na Yerusalemu, waliishi Martha, Mariamu na ndugu yao Lazaro. Lazaro aliugua, Yesu akachelewa kuja, na alipofika mgonjwa alikuwa kaburini siku ya nne. Martha alitoka kumlaki njiani akamwambia kwamba kama angekuwapo ndugu yao asingekufa. Muda mfupi baadaye Mariamu alikuja akaanguka miguuni pake na kusema maneno hayo hayo.

Lawama ni moja, majibu ni mawili. Kwa Martha, mwanamke wa vitendo na wa hoja, Yesu alijadiliana naye juu ya ufufuo na akamtaka aseme anaamini nini. Kwa Mariamu hakutoa somo lolote. Aliuliza wamemweka wapi marehemu, akalia.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu mmoja, mkimbizi kama mimi, alipigiwa simu usiku akiarifiwa kwamba mama yake amefariki. Kurudi kuzika ilikuwa haiwezekani, kwa sababu ambazo wengi wenu mnazifahamu. Nilikwenda kwake. Na kwa kuwa kazi yangu ni maneno, nilimpa maneno. Nilimweleza kwamba uamuzi wa kutoka nchini ulikuwa sahihi, kwamba mama mwenyewe angetaka abaki salama, kwamba ndugu wako kule na watafanya kila kitu. Yote yalikuwa kweli. Alinisikiliza kwa adabu, akanishukuru, akanifungulia mlango. Jirani yake, mzee wa nchi nyingine kabisa asiyejua Kiswahili, alikuja baada yangu akakaa naye hadi asubuhi bila kusema lolote. Rafiki yangu ananihadithia mpaka leo habari za mzee yule. Ya kwangu hajawahi kuyataja. Nilimjibu Mariamu kwa jibu la Martha.

ALIOWANYIMA JIBU

Isidhaniwe kwamba Yesu alimpa kila mtu alichotaka. Wafanyabiashara waliogeuza ua wa hekalu kuwa soko aliwapindulia meza. Viongozi wa dini waliowatwika watu mizigo bila kuwasaidia aliwakemea hadharani, ingawa Farisayo alipomwalika chakula alikwenda.

Alipokamatwa na kupelekwa kwa Herode Antipa, mtawala wa Galilaya aliyemwua Yohana Mbatizaji, alikaa kimya kabisa. Antipa alimwuliza maswali mengi akitarajia kuona mwujiza. Mtu huyu alihitaji burudani, na Yesu hakuwa na burudani ya kumpa. Kwa liwali Pontio Pilato, aliyetawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, alisema maneno machache tu. Jina la Pilato lilipatikana limechongwa kwenye jiwe huko Kaisaria mwaka 1961, na mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, akiandika kama mwaka 116, anataja kwamba Kristo aliuawa chini yake.

Alisulubiwa Ijumaa ya majira ya Pasaka, na wataalamu wengi wanataja mwaka 30 au 33. Hata pale msalabani aliendelea na desturi yake. Mhalifu aliyesulubiwa kando yake alimpa ahadi ya siku ile ile, kwa kuwa hakuwa na kesho. Mama yake alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, ili apate nyumba ya kukaa.

Na ni nani aliyekuja kumzika pamoja na Yusufu wa Arimathaya? Nikodemo. Yule wa usiku alikuja safari hii na manukato ya karibu kilo 33, mzigo ambao hauwezi kufichwa. Hakuna aliyemlazimisha. Aliachiwa muda, na muda wake ukafika.

Injili zinaendelea kusimulia, na ndiyo imani ya Wakristo, kwamba siku ya tatu alifufuka. Mariamu Magdalena alimtambua alipoitwa kwa jina. Tomaso alionyeshwa majeraha, kwani alikuwa amesema bila hayo hataamini. Petro, aliyemkana mara tatu karibu na moto wa makaa, aliulizwa mara tatu karibu na moto mwingine wa makaa kama anampenda, na kila mara akakabidhiwa kazi.

SWALI LETU

Turudi basi tulikoanzia. Msimamo alikuwa nao, na haukubadilika tangu Galilaya hadi Yerusalemu: kumpenda Mungu na kumpenda jirani. Kilichobadilika ni mlango wa kuingilia, kwa sababu hakuna watu wawili wanaofungua mlango mmoja.

Katika jumuiya zetu za ughaibuni, aliyefika jana, aliyenyimwa karatasi, aliyeanza kunywa, aliyefanikiwa na kuacha kupokea simu, wote huwa tunawapa hotuba moja. Mimi mwenyewe nimeitoa mara nyingi. Awe Mkristo, awe Mwislamu, au asiwe na dini, msomaji wa maisha haya anaweza kujifunza kuanza pale fundi anapoanzia: kuangalia kwanza, na kuuliza.

Rafiki yangu yule bado hajaliona kaburi la mama yake. Mwaka jana siku ya kumbukumbu ya kifo chake nilikwenda tena kwake, nikakaa. Safari hii sikusema kitu.